Mwanamke Aliyetangazwa Kuwa Nyumba

Jinsi nilivyofika Utunzoni si habari ya kumchosha msomaji. Nilitembea, nikapotea, nikauliza, nikafika. Habari ni yale niliyoyakuta huko, na nayaandika mbiombio kwa sababu moyo bado unanidunda, na mimi nikikaa na jambo kubwa bila kulisema huwa sipati usingizi.

Mji wao ni mzuri, nisiwadhulumu. Mitaa imenyooka, watu wana adabu, na takataka hazionekani kabisa, kwa kuwa Utunzoni hakuna kitu kinachotupwa. Ndiyo sheria yao mama: kilichorithiwa hakitupwi, hakifuliwi, wala hakianikwi, maana jua, wanasema, huiba rangi ya wahenga. Kwa hiyo madirisha yote yamezibwa kwa nta, na kila msimu Wizara ya Vya Kale hutuma watu wake kuhakikisha nta imeshika. Ipo ruhusa moja tu. Nyumba ikianza kuvuja, mwenye nyumba anaweza kuifungua na kumwita fundi yeyote amtakaye, hata wa nchi jirani, na Wizara haina la kusema. Ruhusa hiyo haitumiki sana, maana kukubali kwamba nyumba yako inavuja ni aibu isiyofutika.

Ukiifunga nyumba namna hiyo katika nchi ya mvua nyingi, kuta huota kuvu. Huanza madoa ya kijani nyuma ya kabati, yakawa meusi, mwishowe ukuta mzima ukavaa manyoya. Sisi tungetafuta brashi na chokaa. Wao manyoya yale huyaita ndevu za nyumba, na kwa urefu wake hupima heshima ya mtu. Mwenye ndevu ndefu nyumbani kwake anaruhusiwa kusema barazani. Mwenye fupi anaruhusiwa kusikiliza. Mwenye ukuta msafi huhesabiwa mtoto hata awe na mvi. Kuku wake akiibiwa hawezi kushitaki mpaka adhaminiwe na jirani. Mpangaji naye, kwa kuwa ndevu za ukutani si zake, hana sauti kabisa.

Nilipoelezwa hayo nilishangilia! Nimekwishaona watu wakipimwa kwa magari, kwa majina ya babu zao, hata kwa unene wa walinzi wao mlangoni. Kwa kuvu nilikuwa sijapata kuona. Nikaomba nioneshwe kuta zote, mtaa kwa mtaa, na nilipewa mtu anayezijua kuliko yeyote.

Aliitwa Bwana Kilindo, na cheo chake ni Mpima Ndevu Mkuu. Kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba na rula ya shaba, kupima kuta na kutangaza daraja la mwenyewe. Ni mtu mrefu, mpole, na amezoea kunong'ona ili pumzi yake isipeperushe ndevu za watu. Yeye na mkewe, Bi Tamima, ndio walionikaribisha. Bi Tamima alikuwa mcheshi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na alikuwa akikohoa.

Wageni, kwa sababu hawana wahenga pale, hulazwa kwanza katika banda lisilo na kuta, juu ya mkeka mpya. Wenyeji huona hiyo ni fedheha na huomba radhi kila wapitapo. Asubuhi ya kwanza Bi Tamima aliniletea chai na muhogo wa kuchemsha, akaketi kando yangu.

"Utusamehe, dada," akasema. "Banda lenyewe halina hata doa."

"Mimi nimelipenda. Upepo unapita."

"Si ndiyo aibu yenyewe hiyo." Akavuta pumzi ndefu, akaiachia taratibu, kisha akanitazama kama mtu aliyefumaniwa na mkono kwenye kopo la sukari. "Usimwambie mtu. Hata wasipokuwapo wageni, mimi huja kukaa hapa."

Bi Tamima alikuwa Mgeuza Magodoro, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Hapa inabidi nieleze desturi ambayo Watunzoni wanajivunia kuliko zote. Mgonjwa wao hutunzwa kwa upendo ambao sijauona kwingine. Akiugua, huondolewa kwenye godoro lake na kulazwa kwenye la mzazi wake. Asipopata nafuu, hupewa la babu. Akizidiwa, la babu wa babu. Magodoro ni ya sufi, yamelowa jasho na mvua za vizazi, na ukiyakalia hufumuka vumbi la kijivu lenye harufu ya ghala la mahindi yaliyooza. Vumbi hilo huitwa pumzi ya wahenga. Jamaa husimama kuzunguka kitanda wakimsihi mgonjwa alivute kwa nguvu, na wengine hulia kwa mapenzi. Bi Tamima amegeuza magodoro hayo tangu akiwa msichana.

Niliuliza kama wagonjwa hupona. Nikajibiwa kwa fahari kwamba nchi inayo dawa, vidonge vyekundu, na kwamba kikohozi ni kimoja kwa mujibu wa sheria. Zamani Baraza lilijadili kama vikohozi ni kimoja au ni vingi. Waliosema ni vingi walikuwa na hoja nzuri na kuta mbaya, wakashindwa. Nisiseme uongo, vidonge vyekundu ni dawa ya kweli, na kile kikohozi ambacho watu huambukizana kwa kukaa karibu hukiponya barabara. Lakini akitokea mtu amevimeza vyote na bado anakohoa, dawa haiwezi kuwa na kosa. Hushitakiwa yeye, kwa kukataa kupona.

Bi Tamima alikuwa amevimeza vyote. Akavirudia. Akavirudia tena. "Mkojo umekuwa mwekundu, chakula hakipiti," aliniambia, "kifua kiko palepale." Kesi yake ilikuwa imekwisha pangwa, na adhabu ya kosa hilo kila mtu aliijua. Angelazwa kwenye Godoro Kuu, godoro la mwasisi wa nchi, katika Nyumba ya Heshima. Wanasheria wa Utunzoni bado wanabishana kama hiyo ni adhabu au ni tuzo. Nilikwenda kuona makaburi yaliyo nyuma ya nyumba hiyo. Kila jiwe limeandikwa maneno yaleyale: Amemaliza Dozi.

Siku nilipohamishiwa ndani ya nyumba kwa heshima, na kupewa godoro la shangazi yake Bwana Kilindo, niliamka kifua kikipiga filimbi. Bi Tamima alisimama mlangoni akinisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Bandani hukukohoa," akasema.

"Sikukohoa."

"Hata mimi nikiwa bandani huwa napata nafuu." Akafunga mlango, akaja kuketi. Akatoa leso mfukoni na kuikunjua. Palikuwa na damu, nyingine imekauka, nyingine mbichi. "Mama yangu alikuwa na leso kama hii. Dada, mimi naogopa. Wanaponiambia nivute kwa nguvu, navuta, kwa sababu wananipenda. Na kila nikivuta naona ninaisha."

Nikamkumbatia, kisha nikatoka mbio. Mimi huwa sijui kutembea nikiwa na hasira.

Nilikwenda moja kwa moja hospitali kwa Daktari Sudi, mganga mkuu, mtu wa makamo mwenye vidole vilivyotulia. Nilimweleza kwa sauti ya juu. Akafunga mlango.

"Najua," akasema. "Dada yangu, unadhani sijui? Kinachoota ukutani kinaota na vifuani. Vidonge vyekundu hakiviogopi. Ng'ambo ya mto wanayo dawa ya kuvu ya mapafu, nimeisoma. Inachukua miezi, na inataka uangalizi, lakini ipo."

"Sasa mbona unakaa kimya?"

"Kwa sababu nadhani tu, na dhana ya daktari haina daraja hapa. Ningepaswa kuonesha." Akanielekeza kwa kidevu. Kwenye kabati la kioo ilikuwamo hadubini nzuri ajabu, ya shaba, na jicho lake limeota ndevu za kijani. "Hiyo imerithiwa. Hairuhusiwi kuguswa."

Nilishindwa kujizuia, nikaruka! Jibu lilikuwa pale, nyuma ya kioo! Nikamwambia kwamba siku ya kesi tutaiomba, tutawaonesha kwa macho yao wenyewe, na Bi Tamima atavuka mto hata kabla ya chakula cha mchana. Daktari Sudi alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa wakati ule.

Barazani mlijaa. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Mwinyikai, ambaye nyumbani kwake ndevu zimefika sakafuni na watoto huzisuka. Hukohoa kabla ya kila sentensi, na wajumbe wakipendezwa naye hukohoa wote pamoja, kwa kuwa huko hawapigi makofi. Bi Tamima aliwekwa kwenye kiti katikati. Alijikaza asikohoe, asije akaonekana anajipendekeza.

Shitaka liliposomwa, Bwana Kilindo aliinuka na kunong'ona kwamba anamdhamini mgeni wake aseme. Nikasema. Niliomba makohozi ya mshitakiwa yatazamwe kwa hadubini, ili ijulikane anakohoa nini.

Mjadala ulikuwa mkali, na nauripoti kama nilivyousikia. Mjumbe mmoja alisema kutazama kwa hadubini ni kuitumia, na cha kale hakitumiki. Mwingine akasema kisichotumika husahaulika, na kusahau ni kutupa. Wa tatu akataka kujua kama makohozi ya mtu ni mali yake au ni urithi. Waligombana mpaka nta ya dirisha moja ikaanza kulainika kwa joto lao. Ndipo Mheshimiwa Mwinyikai akakohoa na kuamua kwamba hadubini hutazamwa kwa jicho moja, jicho moja ni nusu ya kutazama, na sheria haikukataza nusu. Baraza zima likakohoa kwa furaha. Nami nikakohoa, na sikuwa naigiza.

Hadubini ikaletwa. Sheria haikuruhusu kuifuta, lakini Daktari Sudi alipoinama, mkono wa koti lake uliteleza juu ya kioo, ukateleza tena. Akaweka kidogo cha makohozi ya Bi Tamima, akatazama kwa muda mrefu, akanyanyuka. Mheshimiwa Mwinyikai akaweka jicho lake.

Nilimshika Bi Tamima mkono, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Tumeshinda."

Mheshimiwa alipoinua kichwa, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Ndevu," akasema. "Waheshimiwa, nimeona nyuzi zenye matawi, kama za ukutani kwangu, lakini changa na nzuri zaidi. Mwanamke huyu ana ndevu ndani ya kifua chake! Wahenga wamemhamia!"

Sijawahi kusikia kikohozi kama kile. Watu walisimama juu ya viti. Kesi ya kukataa kupona ilifutwa palepale, kwa kuwa alikuwa hana cha kupona. Wakatunga azimio, wakalipitisha: Bi Tamima ametangazwa kuwa Nyumba ya Taifa, na sheria zote za nyumba zimhusu. Asianikwe juani. Asipigwe na upepo. Asipewe dawa yoyote ya kung'oa ndevu zake. Na kwa kuwa nyumba ya heshima haina budi kukaa mahali pa heshima, jioni hiyohiyo akalazwe kwenye Godoro Kuu, safari hii bila shaka yoyote kuwa ni tuzo.

Mimi ndiye niliyeitaka hadubini ile. Bi Tamima aliuondoa mkono wake mkononi mwangu, si kwa hasira, akaikumbatia leso yake na kutazama chini. Walikuwa wanakwenda kumuua, na mji mzima ulikuwa unampongeza.

"Mpima Ndevu Mkuu," Mheshimiwa akaita, "mpime, umtangaze daraja lake."

Bwana Kilindo akainuka na rula yake. Akapiga magoti mbele ya mkewe. Kwa desturi yao mpimaji haingii nyumba ya mtu mpaka mwenyewe aseme karibu, naye akasubiri. Bi Tamima hakusema kitu. Wakatazamana.

Akasimama, akageukia Baraza, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake kamili. Ilikuwa nene, ya kupendeza.

"Siwezi kupima. Mwenye nyumba hajanikaribisha."

"Mwenye nyumba si wewe?" akauliza Mheshimiwa. "Umemwoa."

"Nimemwoa, sikumjenga. Nimekaa kwake miaka yote hii, amenihifadhi vizuri, lakini mimi ni mpangaji tu. Mwenye nyumba ni yeye."

Baraza likaguna. Mheshimiwa Mwinyikai akainama mbele. "Bwana Kilindo, fikiri. Ukijitangaza mpangaji unapoteza cheo, na hutasema tena humu ndani."

"Basi ndiyo maneno yangu ya mwisho, Mheshimiwa. Nilidhani yatakuwa marefu zaidi." Akamgeukia mkewe. "Mama, nyumba ni yako. Amri ni yako."

Bi Tamima aliinua uso. Nilimwona akielewa, maana macho yake hayapitwi na kitu, nimekwishasema. Akasimama, akaikunjua ile leso na kuinyoosha juu kwa mikono miwili ili hata wa nyuma waione.

"Waheshimiwa," akasema, "mimi navuja."

Hakukohoa mtu. Aibu ile isiyofutika alikuwa ameisema mwenyewe, mbele ya mji wote, kwa sauti isiyotetemeka.

"Nyumba inayovuja hufunguliwa, na mwenyewe huita fundi amtakaye, hata wa nchi jirani. Ndiyo sheria yenu. Fundi wangu ni Daktari Sudi, na mwingine yuko ng'ambo ya mto. Na sasa hivi, kabla sijatoka, nataka dirisha lile lifunguliwe."

Hakuna aliyejongea. Bwana Kilindo peke yake alikwenda dirishani, akapenyeza rula ya shaba kwenye nta, akaikata juu, chini, kulia na kushoto, akasukuma.

Jua likaingia! Mimi nilipiga kelele, sikatai. Liliingia kama ubao mrefu, likakatiza Baraza lote, na ndani yake vumbi la kijivu lilikuwa likielea, zito, likipanda na kushuka, likiingia puani mwa Mheshimiwa Mwinyikai alipovuta pumzi, likitoka alipoishusha, na kurudi ndani tena kwa pumzi iliyofuata. Kila mtu aliliona. Ilikuwa hewa ileile waliyozaliwa nayo. Mjumbe mmoja akaziba mdomo kwa kanzu yake. Kisha wakaanza kukohoa, na safari hii hawakuwa wanampongeza mtu.

Tulivuka mto siku hiyohiyo, sisi wanne. Hospitali ya ng'ambo ni ndogo, madirisha yake yana nyavu tu. Daktari wa huko, msichana mwenye haraka, alimpiga picha Bi Tamima kifuani, akazungumza na Daktari Sudi kwa maneno yao, akamkalisha mgonjwa na kushika kalamu.

"Haya mama, umeanza kuumwa lini?"

Bi Tamima aliikunja leso yake.

"Tangu walipoanza kuniheshimu," akasema.

Dawa ilimsumbua, nisifiche. Alitapika, alikonda, kuna siku alitaka kuiacha, na kuna wakati daktari alisema pafu moja lina shimo na hakuahidi kitu. Lakini damu ilikoma. Nilipokwenda kumuaga nilimkuta amepanda mwenyewe kilima kilicho nyuma ya hospitali, ameketi kwenye majani na mumewe akimmenyea chungwa. Bwana Kilindo siku hizi anaongea sana, tena kwa sauti kubwa, kama anayelipiza.

Nilimpa Bi Tamima habari nilizozipata njiani: Baraza limeziba tena lile dirisha, lakini watu hupita usiku na mchana kuichungulia nta, na wengine wameonekana wakilala kwenye banda la wageni. Nikamwuliza kama atarudi.

"Nitarudi," akasema. "Mimi ni Nyumba ya Taifa. Daraja hilo wamenipa kwa azimio, hawawezi kulivua. Nina sauti barazani kuliko Mwinyikai."

"Utasema nini?"

Akameza kipande cha chungwa, akautazama mji wake ng'ambo ya maji, mweupe na mzuri, madirisha yote yamefungwa.

"Kusema nitasema baadaye," akanijibu. "Kwanza nitaanika magodoro."